Nani Alikuambia Ukae Upande?

Wewe unayesoma, nakutegea. Nyumba yangu ni ya mtu mmoja. Akiingia, kichwa kinakaa ndani, mwili unabaki nje. Ni nini?

Fikiri. Usinitazame mimi, jibu haliko usoni kwangu.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Unanipa Mwanhuzi? Sitaki, kule kukavu. Nipe Nassa. Haya! Nimekwenda Nassa, nimekula samaki, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni kofia ngumu ya pikipiki, ile wanayoiita helmeti.

Nyumbani kwetu tulikuwa nazo mbili. Moja ilining'inia kwenye usukani wa pikipiki ya mwanangu Masunga. Aliivaa akikaribia lami tu, kwa sababu ya trafiki. Ya pili ilikuwa ya abiria. Hiyo ilikuwa na mpangaji. Kuku wangu mweusi alitagia humo mayai tisa, kisha akayalalia.

Abiria mwenyewe ni Milembe, mke wa Masunga. Alikuja kwetu kutoka Mwanhuzi kama bibi harusi, juu ya pikipiki hiyo hiyo. Sasa anajifunza ushonaji katika chuo kimoja mjini Bariadi. Sisi tunakaa upande wa Nkoma, na ni mbali. Kwa hiyo kila asubuhi Masunga humpeleka.

Na kila asubuhi mimi nilichoka kusema.

"Masunga, kofia ya mwenzako iko wapi?"

"Kuku kailalia, mayu." Kwetu mayu ni mama.

"Na yako?"

"Hii hapa."

"Hapo ni kwenye usukani. Usukani una ubongo?"

"Naenda polepole, mayu. Huku kijijini hakuna trafiki."

"Na ardhi ya kijijini ni godoro?"

Anacheka. Anapiga kiki, anaondoka. Milembe huyo nyuma, amekaa upande kama mtu aliyekaa kwenye benchi. Miguu yote miwili inaning'inia. Kitenge kinapepea karibu na gurudumu. Mapajani ana beseni la vitambaa. Mkono mmoja unashika beseni, mwingine unashika kitenge. Masunga hashikwi na mtu.

Nilisema nikachoka. Ukimwambia ng'ombe mara tatu, husikia. Masunga si ng'ombe.

Jumatatu moja mvua ilikuwa imenyesha. Udongo wetu mweusi ukilowa, hata mbuzi huteleza. Mtihani wa mwisho wa Milembe ulikuwa Ijumaa ya wiki hiyo. Alikuwa amesoma miaka miwili kwa ajili ya siku hiyo. Akiikosa, angesubiri mwaka mzima.

Walipofika kwenye kona ya lambo, upepo ulitupa kitenge kwenye gurudumu la nyuma. Gurudumu likakimeza. Milembe akavutwa, akaanguka. Beseni likaenda huku, pikipiki ikaenda kule.

Waliletwa nyumbani na mkokoteni wa ng'ombe. Masunga alichubuka viganja. Milembe alichunika goti na paji la uso likavimba. Mwenye mkokoteni aliniambia, "Kando ya kichwa chake kulikuwa na jiwe. Kati ya kichwa na jiwe ni shubiri moja."

Shubiri moja! Nilikaa chini.

Nilimwita Philomena, jirani yetu. Yeye ni muuguzi wa zahanati. Hupeleka chanjo vijijini kwa pikipiki, anaendesha mwenyewe, na kwa miaka yote ya kazi hiyo hajaanguka. Alimsafisha Milembe jeraha.

"Umetapika? Unasikia kizunguzungu?"

"Hapana, dada."

"Ukisikia usingizi usio wa kawaida, au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali moja kwa moja. Msingoje asubuhi. Umesikia, Masunga?"

"Nimesikia. Lakini nilikuwa naenda polepole, dada."

"Polepole! Aliyeanguka kitandani alikuwa anakwenda kasi gani?"

Masunga akapuliza viganja vyake vilivyochubuka. Nikamgeukia mke wake. Hasira zilikuwa zimenijaa, zikataka pa kutokea.

"Na wewe Milembe! Nani alikuambia ukae upande?"

Milembe alitazama chini.

"Nakuuliza, mwanangu. Nani alikuambia?"

Hakujibu. Alisema tu, "Mayu, mimi sipandi tena. Hata mtihani uende."

Usiku huo sikulala vizuri. Kwa miguu hafiki. Kwa pikipiki hataki. Miaka miwili inaliwa na kitenge!

Jumanne Philomena alirudi.

"Milembe, kukaa upande ndiko kulikokuangusha," alisema. "Ukikaa hivyo, uzito wote uko upande mmoja. Huna pa kukanyaga wala pa kushika. Na dereva akilala na pikipiki kwenye kona, wewe unafanya nini?"

"Naegemea upande wa pili, dada. Ili nimsaidie."

Masunga aliruka. "Kumbe ni wewe! Mimi nafikiri gurudumu limepinda!"

Milembe akacheka kidogo, kisha akashika paji lake.

"Abiria hulala pamoja na dereva," Philomena alisema. "Mnakuwa mwili mmoja. Kaa kiume, mguu huku na mguu huku. Nyayo zikanyage vikanyagio, hata pikipiki ikisimama. Mshike kiuno mumeo. Si wako?"

"Ni wangu. Lakini kukaa kiume mbele ya wakwe... na kitenge kitapanda juu."

"Wewe si fundi? Shona suruali pana, uibane vifundoni. Nani ataona nini?"

Milembe alinitazama mimi. Sikujua kwa nini. Nikasema, "Shona, kwani nimekukataza?"

Akakichukua kitenge kilichochanika, akakaa kwenye cherehani. Kufikia jioni suruali ilikuwa tayari, pana kama gunia la pamba, imebana chini.

Kazi ya Masunga ilikuwa kumhamisha kuku. Kuku alimdonoa mara nne. Mimi sikumsaidia. Mayai tuliyaweka kwenye kikapu. Kofia tuliiosha kwa sabuni. Philomena aliikagua ndani na nje.

"Haina ufa. Ingekuwa na ufa, ningewaambia muitupe. Na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa hutangulia kuanguka, kichwa kinafuata kikiwa peke yake."

Jumatano tulikwenda uwanja wa kanisa kujaribu. Milembe alifika, akaiona pikipiki, miguu ikagoma.

"Siwezi, mayu."

Nikasema, lete hiyo suruali. Nikaivaa juu ya kamisi yangu. Nikafunga kofia. Ilinuka kuku bado.

"Panda kwa kushoto, bibi," Philomena aliniambia. "Kulia kuna bomba la moshi, litakuunguza. Usipande mpaka dereva akuambie."

Masunga alikanyaga chini kwa miguu yote miwili. "Panda, mayu."

Nilipanda. Nilimshika mwanangu kiuno kama nilivyomshika akijifunza kutembea. Tukazunguka uwanja. Alipolala kwenye kona, nami nikalala. Philomena alikuwa anapiga kelele, "Masunga! Mmekuwa wawili, pikipiki ni nzito! Anza kufunga breki mapema! Taratibu, breki zote mbili!"

Niliposhuka, Milembe alikuwa amekaa chini, anacheka mpaka machozi.

"Mayu, umekuwa kama mzigo wa pamba uliofungwa kamba!"

"Cheka, lakini mzigo haujaanguka. Zamu yako."

Akapanda.

Ijumaa asubuhi Masunga alijaza upepo gurudumu la nyuma, kwa sababu ya uzito wa watu wawili. Beseni lilibaki nyumbani. Vitambaa viliingia kwenye begi la mgongoni. Kofia mbili, vichwa viwili, mikanda imefungwa. Dada yake Masunga alitaka naye apakiwe mpaka sokoni. Masunga alimwambia, "Abiria ni mmoja. Ngoja nirudi." Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikadhani ni mtu mwingine anasema.

Jioni walirudi wazima. Mtihani aliumaliza. Na wanawake watatu chuoni walikuwa wamemwomba awashonee suruali kama ile.

Tulikaa tukila viazi. Moyo wangu ulikuwa mweupe, lakini lile swali lilikuwa bado linaniwasha.

"Milembe, nakutegea. Nani alikuambia ukae upande?"

Milembe akaendelea kumenya kiazi.

"Hutaki kujibu? Haya, mimi ndiye niliyeshindwa. Chukua mji. Chukua Bariadi yote, na lami yake. Nijibu."

Milembe aliweka kiazi chini. Masunga akaanza kukohoa bila kikohozi.

"Ni wewe, mayu," alisema. "Siku mliyokuja kunichukua Mwanhuzi. Nilikuwa nimeshapanda, mguu huku na mguu huku. Ukanishusha, ukanigeuza mwenyewe, ukasema mwanamke wa kwako hakai hivyo."