Sangara Aliyekula wa Kwao

Kisiwa cha mafunjo kilikatika kutoka ukingo wa Mto Mara kwa mlio wa shuka inayochanika, na mpango mtukufu wa Mniko ukaharibika palepale.

Alikuwa amemwalika Hezekia kijijini kwao Tarime wakati wa likizo kwa jambo moja tu: amshushe juu ya majani hayo, aondoke na mtumbwi, amrudie jioni akiwa amelia vya kutosha. Hezekia alikuwa kiranja wa chakula shuleni kwao Mugumu. Muhula mzima alimpakulia Mniko mchuzi mtupu, na nyama za Jumamosi zikaishia kwenye sahani ya kiranja. Kosa hilo halisameheki duniani wala mbinguni.

Lakini mafuriko yalipindua mtumbwi, Mniko akarukia mafunjo yaleyale alikokwisha kumshusha Hezekia. Mtesi na mlipiza kisasi wakasombwa pamoja hadi ziwani.

Kesho yake adhuhuri hawakuona nchi kavu popote. Maji ya kunywa yalikuwa chini ya miguu yao, chakula hapana. Kila wimbi liliwazamisha hadi magotini na kumega kipande cha kisiwa. Shina lilikuwa limemchana Hezekia kisigino. Alikifunga kwa soksi ya shule, akawa anatetemeka.

Mniko alikuwa na mshipi na ndoano mfukoni. Akakamata chura mdogo, akamtupa majini, na baada ya kuvutana sana akapandisha sangara mrefu kama mkono.

"Nigawie, mura," alisema Hezekia.

"Si ulisema bwenini mtu wa ng'ombe hali samaki? Chakula cha paka, ulisema."

"Nilisema."

"Basi niache nile kipaka."

Akampasua kwa wembe wa kuchongea penseli. Tumboni mlikuwa na sangara mwingine, mdogo, bado mzima.

"Amekula mtoto wake," alisema Mniko.

"Au wa jirani." Hezekia alilala chali, sauti imekauka. "Hawa ni wageni, waliletwa ziwani. Walikula furu, visamaki vya asili vya hapa, mpaka furu wakaadimika. Samaki mwingine angekufa njaa. Sangara anazaa mno, na chakula kikipungua, wadogo ndio akiba yake."

"Anaishi kwa kula wa kwao."

"Ndiyo."

"Kama kiranja."

Midomo ya Hezekia ilikuwa imepauka. Wimbi moja kubwa lingemtelezesha, na hakuna ambaye angeuliza. Mniko alitafuna polepole. Kisasi hicho kilikuwa kitamu mdomoni, na utamu wake ndio uliomwogopesha.

Akamtupia yule mdogo. "Kula. Huyu ameshaliwa mara moja, atakuwa amezoea."

Hezekia akamla mbichi, na miiba yake, huku machozi yakimtoka. Mniko akamkatia na yule mkubwa, upande wa mkia. Kumsamehe kabisa kungemletea Mniko homa.

Asubuhi wavuvi wa dagaa waliwafikia. "Mnafanya nini hapa, watoto?"

"Mpakieni huyu kwanza," alisema Mniko. "Ni mzito. Amekula nyama yangu."

Shule ilipofunguliwa, Jumamosi ya kwanza, Hezekia alichechemea hadi kwenye sufuria na kumpakulia Mniko minofu miwili minono.

Mniko aliipasua kwanza kwa kijiko, aone imemla nani.