Sauti Iliyomtangulia Fredi

Nyangi alisikia mstari ule kabla mumewe hajausema.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri. Alikuwa barazani kwao Kamunyonge na cherehani yake, anashona aproni nyeupe za watu wa loji, chama cha mumewe. Ndani, kwenye chumba cha stoo, Fredi alikuwa anafanya mazoezi peke yake.

"Ndugu yangu, umefika kwenye mlango wa tatu," sauti ikasema, laini, ya mwanamke.

Kisha Fredi akafuata kwa sauti yake nzito: "Ndugu yangu, umefika kwenye mlango wa tatu."

Nyangi akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Na mkono uliokuongoza hukuujua," mwanamke akasema.

"Na mkono uliokuongoza hukuujua," Fredi akasema.

Aliinuka, akaenda kusukuma mlango. Fredi kasimama katikati ya mifuko ya saruji, kafumba macho. Hakuna mtu mwingine. Simu yake ilikuwa kule barazani, kwenye chaji. Chumba kilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa leo, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na marashi.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na nani tena? Nafanya mazoezi."

"Nimesikia mwanamke."

Fredi akacheka kidogo bila kumtazama. "Mama Brenda, acha wivu. Kashone."

Fredi alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Iringo. Miaka minne iliyopita aliingia chama cha Waashi, hicho ambacho majirani wanakiita Frimasoni kwa kunong'ona. Mwanzoni Nyangi aliogopa, mpaka alipowaona wenyewe: wanaume wa makamo wenye vitambi, wanaokariri maneno marefu kama watoto wa komunyo ya kwanza, kisha wanakula na kwenda kwao. Shida yao kubwa ilikuwa watu. Kumpandisha ndugu daraja la tatu kunahitaji watu wengi, kila mmoja ameshika sehemu yake kichwani, na Musoma hawakutosha, Bunda hawakutosha, Butiama walikuwa watatu tu. Ndipo katibu wao Abraham, mwalimu mstaafu, akaamua kuunda timu moja ya kujitolea kutoka pande zote tatu, iwe inazunguka. Anayetaka sehemu anainua mkono.

Fredi aliinua mkono kwa sehemu ndefu kuliko zote, hotuba ya mwisho, kurasa kumi na moja bila karatasi. Aliinua kwa sababu Mashimba wa Bunda alikuwa ameshainua. Huyo Mashimba, mnunuzi wa pamba, kitu akikisoma mara mbili basi kimeingia.

"Tumpe Fredi," Abraham alisema. "Mashimba akae na kitabu, amkumbushe akikwama."

Siku ya mazoezi ya kwanza Fredi alikwama mara nne kwenye ukurasa wa pili. Mara zote nne Mashimba alimpa neno bila hata kufungua kitabu. Watu wakacheka. Fredi alirudi nyumbani akasukuma sahani.

"Nilikuwaga nadhani ni bidii," alimwambia mkewe. "Yule hana bidii yoyote. Kazaliwa tu hivyo. Kwa nini yeye?"

Kesho yake akaaga kwamba anaenda Buhemba kupeleka mabati. Na wiki mbili baada ya safari hiyo alikuwa amezishika kurasa zote kumi na moja.

Nyangi alimchukia yule mwanamke kabla hajamwogopa. Alipekua simu, akapekua mifuko ya suruali, akanusa kola za mashati. Alikwenda dukani Iringo bila taarifa, mara mbili, akajifanya anatafuta misumari. Hakukuta kitu. Lakini kila Fredi alipoanza kusema maneno yake, sauti ile ilitangulia, na Nyangi akiwa jikoni anamenya viazi alikuwa anaisikia ikicheka pale Fredi alipopatia, kicheko cha mtu anayempapasa mtu wake shavuni.

Kisha Fredi akaanza kupungukiwa. Alisahau kwamba mkewe hali sangara. Alisahau kovu la mkono wake lilitokana na nini, na yeye ndiye aliyemkimbiza hospitali siku ile. Asubuhi moja alimkuta anapanga vikombe akamwambia, kwa adabu kabisa, "Samahani dada, chai iko wapi?"

"Dada nani?"

Fredi akamtazama usoni. "Nilitaka kukuita jina," akasema. "Limekuja hapa, limerudi."

Siku hiyo hiyo, saa sita mchana, jua liko juu na watoto wa jirani wanapiga kelele uani, Nyangi aliingia chumbani kutandika kitanda akakuta upande wake umelowa, godoro linatiririka maji mekundu ya tope, wakati upande wa Fredi umekauka na shuka limenyooshwa vizuri kama lililonyooshwa na mkono wa mke, na alipoinama kuligusa lile tope akasikia pumzi kwenye sikio lake, pumzi ya baridi yenye marashi na udongo, na ile sauti aliyozoea kuisikia ikiwa mbali sasa ikasema karibu kabisa, bila hasira, kama mtu anayempa mwenzake habari:

"Mimi ndiye ninayekaa kichwani mwake. Kichwa ni kidogo. Mmoja wetu atatoka."

Nyangi alitoka mbio mpaka barabarani, peku, akaenda moja kwa moja kwa Marieta.

Marieta alikuwa muuza dagaa sokoni na kiongozi wa kikundi cha maombi parokiani. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuja jioni ile ile na rozari na chupa ya maji ya baraka, mikono bado inanuka dagaa, akamkalisha Fredi kwenye kiti cha plastiki, akamwekea kiganja kichwani.

"Wewe uliyemo humu, nani kakuita?"

Midomo ya Fredi ikafunguka, lakini sauti ilitoka laini. "Yeye."

"Kwa ajili gani?"

"Alikuwa analia wivu. Mimi nawajua wenye wivu. Nikamhurumia."

Marieta akamnyunyizia maji. Fredi akatetemeka, akatoa jasho jekundu kama maji ya mgodi, na kwa kitambo kidogo akarudi yeye mwenyewe, macho yake yakamtafuta Nyangi.

"Ni Buhemba," akasema kwa haraka, kwa kunong'ona. "Kuna mzee, kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu. Aliniuliza nataka kukumbuka kiasi gani. Nikasema nataka kumpita Mashimba. Akaniambia niinamie shimoni niseme jina langu mara tatu, atakuja mtu wa kunikumbusha. Akaniambia mtu mwenyewe hapendi kushirikiana. Sikuelewa, jamani. Nilidhani anamsema Mashimba."

"Sasa sikiliza," Marieta akasema. "Maji haya yanamchoma tu, hayamtoi. Ulimwita akupe maneno. Itabidi umkatalie maneno, palepale unapoyahitaji, mbele za watu. Akikupa neno, usiliseme. Unyamaze, uonekane umeshindwa."

"Bunda? Jumamosi, kwenye hotuba? Mashimba akiwepo?"

"Huyo huyo Mashimba."

Fredi akatazama chini. Nyangi alimwona mumewe anapima, hapo hapo, kati yake yeye na kicheko cha watu wa loji, na kilichomuumiza ni kuona kwamba mizani ilikuwa inayumba.

"Siwezi," Fredi akasema, na macho yake yakafumba tena.

Jumamosi walikwenda Bunda. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, dari la chini, madirisha ya vioo. Wanawake hawaingii kwenye shughuli ile; wake wa wanachama walikuwa nyuma wanapika pilau na kukaanga sato. Saa saba mchana wakasikia nyundo ikigonga mara tatu, kisha Fredi akaanza.

Alisema vizuri mno. Hata wanawake waliacha kukoroga. Mke wa Abraham akainua kichwa, mwiko mkononi.

"Kuna mwanamke humo ndani?"

"Unamsikia?" Nyangi akauliza.

"Anasema mbele yake. Mama Brenda, nani huyo?"

Nyangi alikuwa ameshavuka uani. Ndugu aliyelinda mlango alinyoosha mkono kumzuia, "Shemeji, tafadhali, huku hapana," naye hakubishana, alizunguka ukuta mpaka kwenye dirisha lililokuwa wazi kidogo, na kupitia uwazi ule akamwona mumewe kasimama katikati ya ukumbi na aproni aliyomshonea kwa mikono yake, uso umemng'aa, na nyuma yake, mikono imemzunguka shingo na kidevu kimekaa begani kama mke anayemsindikiza mume mlangoni, mwanamke mrefu mwenye ngozi ya tope bichi, anayedondosha maji mekundu sakafuni, ambaye wanaume wote wale waliokaa pande tatu walikuwa wanamtazama pasipo kumwona, na ambaye sasa aligeuza shingo polepole, akamtazama Nyangi, akatabasamu.

Nyangi akashika nondo za dirisha.

"Fredi!" akapiga kelele. "Mimi naitwa nani?"

Ukumbi ukageuka. Abraham akasimama nusu. Fredi akanyamaza katikati ya sentensi, mdomo wazi.

"Na kaburi likafunguliwa," sauti ikamwambia. Safari hii Nyangi aliona wote wameisikia. Aliona vichwa vikitafuta. "Sema. Na kaburi likafunguliwa."

"Mimi naitwa nani?"

"Sema, mpenzi. Wanakutazama. Mashimba anakutazama. Na kaburi likafunguliwa."

Mishipa ya shingo ya Fredi ilisimama. Neno lilikuwa ulimini. Midomo ilikuwa inalitengeneza. Alimtazama Mashimba, aliyekaa kwenye kona na kitabu magotini, kisha akatazama dirishani, kwenye uso wa mwanamke asiyemjua jina.

"Silijui jina lake," akasema, na sauti ikampasuka. "Ndugu zangu, nimesahau. Nimesahau yote. Mashimba, nisaidie."

Mashimba hakucheka. Alifungua kitabu, akatafuta mstari, akasoma taratibu kama anayemsomea mgonjwa: "Na wale waliobaki wakashikana mikono."

"Na wale waliobaki wakashikana mikono," Fredi akasema.

Mwanamke akapiga yowe. Vioo vya madirisha vilipasuka vyote kwa pamoja, kuelekea nje, na Fredi akapiga magoti akitapika tope jekundu, lita kwa lita, huku Mashimba kamshika paji la uso na Abraham anasema Salamu Maria kwa sauti kubwa. Yowe likaondoka kupitia paa, likavuka uwanja, likaelekea upande wa Butiama, mpaka likawa kama mbu, mpaka likaisha.

Nyangi alijikung'uta vipande vya kioo, akaingia kwa mlango. Safari hii hakuna aliyenyoosha mkono.

Wanawake wakaleta ndoo, wakamwosha. Jioni, wakiwa bado Bunda kwa Mashimba, Fredi alikunywa uji, akaweka kikombe chini akasema, "Nyangi." Akalia. Yeye pia akalia.

Jina lilirudi. Mengine mengi hayakurudi. Marieta alikuja mara tatu kuomba, akasema nyumba ni safi, kilichochukuliwa kimechukuliwa. Kwa hiyo kila siku baada ya chakula Nyangi alimhadithia mumewe maisha yake. Jinsi walivyokutana kwenye kwaya. Mvua ya siku ya harusi. Kuzaliwa kwa Brenda. Fredi alisikiliza kama mwanafunzi, akaamini kila neno, na Nyangi aligundua kwamba hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza hivyo.

Mwezi wa tatu tangu siku ile walikwenda pamoja sokoni Musoma. Walikuwa wanachagua nyanya pale mwanamke mmoja mwenye kitenge cha bluu aliposimama ghafla, uso ukamchanua.

"Fredi! Fredi wangu! Jamani, miaka yote hii!"

Alikuwa Justina. Kabla ya Nyangi, ng'ombe wa mahari wa Fredi walishafika kwao Justina, wakarudishwa kwa ugomvi wa wazee, na Fredi aliumwa mwezi mzima. Katika ndoa yao yote hilo ndilo jina ambalo Nyangi hakulitamka, wala hajawahi kulisahau.

Fredi akatabasamu kwa heshima, akamgeukia mkewe. "Mama Brenda, huyu nani?"

Justina akangoja, mkono bado ameunyoosha.

"Simjui," Nyangi akasema. Akamshika mumewe mkono, akamwongoza taratibu kwenye vitunguu.