Gunia la Karibu na Barabara

Emérence aliamka ukungu ukiwa bado umelala juu ya malisho. Alivaa koti la mama yake, lililomfika magotini, akachukua ndoo akaenda zizini. Kulikuwa na ng'ombe watatu wa kukamua, maziwa ya kuchuja, na bidoni ya njano, dumu la plastiki, ya kubeba hadi barabarani, ambako dereva wa pikipiki aliichukua na kuipeleka sokoni Kitshanga. Yote hayo yalipaswa kumalizika kabla ya kengele ya shule. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa unakaribia. Siku nyingi alifika darasani na tope hadi kwenye soksi, akaketi, na mwalimu alipoanza kuandika ubaoni, macho yake yakaanza kujifumba yenyewe.

Nyumbani kila mtu alikuwa amechoka. Baba yake alikuwa mbali, huko Walikale, akichimba madini, na alirudi mara moja tu kwa mwaka. Mama yake, Mama Libérata, alilima maharagwe kuanzia asubuhi mpaka jioni. Tangu mama yake mdogo, Uwitonze, alipokimbia vita pamoja na watoto wake watano na kuja kukaa nao, sufuria ya bugali ilikuwa ikikwanguliwa mpaka chini. Mjomba Rugamba, kaka yao mkubwa, ndiye aliyechunga ng'ombe, ingawa goti lake la kulia lilikuwa na uvimbe wa miaka mingi.

Mjomba aliweza kuchunga kwa sababu ya Kapita. Kapita alikuwa mbwa mwekundu mwenye kifua cheupe. Walimpa jina hilo kwa kuwa aliwasimamia ng'ombe kama kapita wa shamba anavyowasimamia wafanyakazi. Mjomba aliketi juu ya jiwe, akapiga mluzi mmoja, na Kapita akazunguka kilima kizima kuwarudisha ng'ombe waliotawanyika.

"Mimi niko kichwa tu," Mjomba alipenda kusema. "Kapita njo miguu."

Zamani Kapita alikula makombo ya bugali, pamoja na maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Watu walipoongezeka nyumbani, makombo yakaisha, akabaki na yale maji tu. Siku moja Papa Hubert, veterineri aliyezunguka vijijini kwa pikipiki akichanja ng'ombe, alimtazama mbwa huyo mbavuni akatikisa kichwa.

"Mbwa anayepanda kilima siku nzima hawezi kuishi kwa maji," alisema. "Mumununulie kroketi, kile chakula kikavu cha mbwa. Lakini muende kwa Mama Adelaïde, kule mwisho wa soko, karibu na pale wanapouzia ng'ombe. Magunia yake yanatoka Goma yakiwa yameshonwa, na anayaweka juu ya mbao, hayagusi chini. Anafungua moja, likiisha njo anafungua lingine."

Kazi hiyo ikawa ya Emérence. Kila Jumatano baada ya masomo alipita sokoni Kitshanga kununua chakula cha wiki nzima. Kwa Mama Adelaïde foleni haikwisha, kwa sababu mama yule hakujua haraka. Alimwonyesha kila mteja karatasi iliyoshonwa kwenye gunia, akamsomea tarehe, akapima polepole, akauliza mbwa anaendeleaje. Emérence alisimama huko mgongo ukimuuma. Hata hivyo, baada ya miezi miwili mbavu za Kapita hazikuonekana tena, na manyoya yake yaling'aa.

Jumatano moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Emérence alikuwa amefanya majaribio mawili ya hesabu siku hiyo, na alipofika sokoni miguu ilikuwa mizito kama si yake. Njia ya kwenda mahali pa ng'ombe ilikuwa imegeuka tope tupu. Hapo hapo mlangoni mwa soko, karibu na barabara, kijana mmoja aliketi chini ya turubai, mbele yake gunia lililo wazi. Ndani mlijaa kroketi nyekundu, za manjano na za kijani, zimetengenezwa kama mifupa midogo.

"Dada, hii iko chakula ya mbwa, ya muzuri kabisa," kijana alisema.

"Iko na nini ndani?"

"Nyama. Si unaona rangi?"

Emérence alitafuta karatasi kwenye gunia, hakuiona. Akatazama tope, akatazama kilima kilichokuwa kikimngoja. Kisha akafungua mfuko wake, kijana akapima.

Alipofika nyumbani, mama yake alikuwa akimenya viazi. "Umetoka kwa Mama Adelaïde?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, Mama."

Hakuwa amepanga kusema uongo. Alikosa tu nguvu ya kueleza. Lakini Jumatano iliyofuata alisimama tena palepale karibu na barabara, na ile iliyofuata vilevile, na kila mara jibu lake nyumbani likawa lile lile.

Kapita alizinusa kroketi zile za rangi akaziacha. Jioni njaa ilipomzidi, alizila. Baada ya wiki tatu manyoya yalianza kumtoka kwa mafungu. Alijikuna mpaka ngozi ikatoka damu, na mavi yake yakawa maji. Wiki ya tano, Mjomba alipopiga mluzi, Kapita aliinuka, akaenda hatua chache, akageuka kumtazama Mjomba kama mtu anayeomba ruhusa ya kupumzika. Emérence aliyaona yote hayo. Alipomwekea chakula, alitazama pembeni mpaka mbwa alipomaliza.

Alhamisi moja ndama jike aliwaacha wenzake akashuka upande wa korongo. Mjomba alipiga mluzi mara tatu. Kapita alikimbia mpaka katikati ya mteremko, kisha akalala chini, ulimi nje. Mjomba akashuka mwenyewe akiburuta mguu. Alipofika, ndama alikuwa amekwisha kuanguka. Majirani walimtoa kwa kamba, lakini mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na siku ile ile wakamchinja. Miaka miwili walikuwa wakimngoja ndama jike. Mjomba hakumlaumu mtu. Aliketi mlangoni akilisugua goti lake, na alipoletewa chakula akasema wawape watoto.

"Kesho hautaenda masomo," Mama Libérata alimwambia Emérence. "Mjomba hawezi peke yake. Utachunga mpaka mbwa apone, ao mpaka tupate mwingine."

"Na mtihani, Mama?"

"Mtihani naujua," mama alisema kwa sauti ya chini. "Na ng'ombe nawajua."

Kwa siku nne Emérence alikimbia nyuma ya ng'ombe, akipanda na kushuka mahali ambapo zamani Kapita alipita kama upepo. Kutoka kileleni alisikia kengele ya shule ikilia bondeni. Jioni alifungua daftari, akasoma mstari mmoja mara tano, bila kujua alichosoma.

Siku ya tano Papa Hubert alifika, kwa kuwa Mjomba alikuwa amemtumia ujumbe kupitia dereva wa pikipiki. Alichuchumaa karibu na Kapita, akainua mdomo wake. Fizi zilikuwa na rangi ya manjano.

"Anakula nini?"

"Ile ile uliyotuambia," Mama Libérata alijibu. "Ya Mama Adelaïde."

"Nileteeni niione."

Emérence aliuleta mfuko. Papa Hubert akaingiza mkono ndani, na alipoutoa ulikuwa umejaa vumbi. Akanusa, akageuza uso. Kisha akavunja kroketi moja kwa kucha, akawaonyesha. Ndani mlikuwa na ukungu wa kijani kibichi kama ule unaoota kwenye mkate wa zamani.

"Nitakwenda kumuuliza Mama Adelaïde," alisema. "Nashangaa. Namujua miaka kumi, hajawahi kuuza kitu cha namna hii."

Emérence alijua kwamba angeweza kunyamaza. Mama Adelaïde angekana, watu wazima wangebishana, na lawama ingepotea huko huko sokoni. Alimwona akilini yule mama akifuatisha tarehe kwa kidole, gunia baada ya gunia. Kisha akamtazama Kapita, aliyekuwa akijaribu kutikisa mkia.

"Haitoki kwake," alisema. "Niliinunua karibu na barabara. Nilikuwa nimechoka, nikaona mwisho wa soko iko mbali. Tangu siku ile ya mvua. Nilikudanganya, Mama." Akainama kumshika Kapita kichwani. "Ndama alikufa kwa sababu yangu."

Alingoja kofi. Mama Libérata aliigeuza ndoo akaketi juu yake, akafunika uso kwa mikono.

"Niliisikia harufu ya chakula hiki," alisema. "Mara ya pili ulipoleta. Nilifungua mfuko nikasikia mafuta yaliyooza, nikaufunga tena. Niliona nikiuliza, itabidi niende mwenyewe sokoni, na sikuwa na miguu ya kwenda. Kwa hiyo usibebe kosa hili peke yako, mutoto wangu. Uongo njo wako. Mengine tunagawana."

Mama mdogo Uwitonze alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. "Na mimi niko hapa kila siku," alisema. "Nani aliniomba nibebe maziwa? Nani aliniomba niende na ng'ombe? Munaniona mugeni mpaka lini?"

Mama Libérata akainuka kwenye ndoo, akamwomba aanze kesho.

Papa Hubert akamwita Emérence aketi karibu naye. "Rangi hizi hazimusaidii mbwa," alisema. "Zinawekwa kwa ajili ya macho ya mununuzi. Wewe uliza maswali mengine. Gunia lilishonwa, ao lilikaa wazi kwenye mvua na jua? Likikaa wazi, unyevu unaingia, ukungu unaota, na sumu ya ukungu inakula ini. Kwenye karatasi, kitu cha kwanza kuandikwa njo kiko kingi kuliko vyote. Kiwe nyama ao samaki, kisiwe pumba. Halafu tafuta tarehe. Halafu unuse. Na ukisha kununua, mutazame mbwa mwenyewe, manyoya yake na mavi yake. Yeye hasemi, lakini anakuonyesha."

"Atapona?"

"Ini lake limeumia. Nafikiri atapona, kwa kuwa bado anakunywa maji. Itachukua muda." Akamgeukia Mama Libérata. "Chakula hiki mukichome, musiwape hata kuku. Mumupikie wali laini na ndakala kidogo, wale samaki wadogo wakavu, mara tatu kwa siku. Nikisema yuko tayari, muanze tena kroketi za Mama Adelaïde, mukichanganya kidogo kidogo na wali kwa wiki nzima, tumbo lisishtuke."

Kuanzia kesho yake Uwitonze alipanda malishoni pamoja na Mjomba, na asubuhi ndiye aliyebeba bidoni ya maziwa hadi barabarani. Emérence alirudi darasani. Uchovu haukumtoka siku moja, lakini sasa alipofungua daftari, alichosoma kilikaa kichwani. Kapita alilala sana. Wiki ya kwanza alikula akiwa amelala ubavu. Wiki ya pili alisimama. Wiki ya tatu alimfuata Mjomba mpaka kwenye jiwe lake, akaketi kando yake, akawatazama ng'ombe bila kuwakimbilia, na Mjomba hakumpigia mluzi.

Papa Hubert alipotoa ruhusa, Mama Libérata aliliacha jembe Jumamosi moja akaenda sokoni pamoja na binti yake. Kwenye mlango wa soko walimpita kijana wa turubai. Emérence alimwambia kwamba chakula chake kilikuwa na ukungu, na kwamba mbwa wao aliugua. Kijana alichungulia ndani ya gunia, akasema yeye huuza anacholetewa. Mama Libérata akamshauri alirudishe gunia kwa aliyemletea, kisha wakaendelea na safari yao kwenye tope.

Foleni ya Mama Adelaïde ilikuwa ndefu kama kawaida. Zamu yao ilipokaribia, Emérence aliinama akasoma mwenyewe karatasi ya gunia, iliyoandikwa kwa Kifaransa: kuku, mchele, mahindi, mafuta ya samaki. Akatafuta tarehe, ikawa bado mbali. Mama Adelaïde alimpa kiganja kimoja anuse.

"Hii iko safi, Mama," Emérence alisema. Mama yake akanusa pia, akakubali kwa kichwa.

Kwa kuwa mtu aliye mbele yao alikuwa bado akipimiwa, Mama Libérata aliweka mkono begani mwa binti yake. Ulikuwa mkono mzito, mkavu kwa udongo.

"Kuchoka si kosa, Emérence. Mimi nachoka, Mjomba anachoka, hata Kapita alichoka. Lakini mutu akichoka, aseme amechoka, wengine wamusaidie. Tulinyamaza, wewe na mimi, tukauachia uchovu utuchagulie. Na uchovu hauangalii kilicho kizuri. Unachukua kilicho karibu. Siku nyingine ukiwa huna nguvu ya kufika mwisho wa soko, rudi nyumbani mikono mitupu uniambie ukweli. Tutajua la kufanya."

"Nimesikia, Mama."

"Na mimi nitauliza," mama alisema. "Hata nikiwa nimechoka, nitauliza."

Mtu aliyekuwa mbele yao akajitwika mzigo wake akaondoka. Mama Libérata akamsukuma binti yake taratibu mbele, naye Emérence akafungua mdomo wa mfuko ili Mama Adelaïde apime.