Sauti ya Bi Mwaisha Upande wa Pili wa Diski

Asubuhi ile nyumbani kwa Mzee Mwinshehe, Kihonda, palitulia. Wanawake walipepeta mchele uani. Ndani, mjukuu wake Pendo alipakwa mafuta. Kesho yake mwali angetolewa. Kilichosubiriwa ni sauti ya bibi yake tu. Marehemu Bi Mwaisha, mke wa Mzee, alijua siku hiyo hataiona, akaenda kuziimba nyimbo za mwali kwenye kompyuta ya mradi wa utamaduni. Mzee akaenda ofisi ya mradi kufuata sidii yenye nyimbo hizo.

Sasa sikieni, wenzangu. Kompyuta ile ilikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha katika diski moja, kama nyumba ya wapangaji wawili. Bernadeta, binti aliyerekodi, alitumia mfumo wa pili. Kisha mradi ukapunguza watu. Ndiyo soko huria hilo: wajuzi huondolewa, wavaa tai hubaki. Akabaki msimamizi Thobias, aliyezoea mfumo wa kwanza tu.

"Nyimbo hazipo," akasema.

"Zimekwenda wapi? Zina miguu?"

"Mzee, kuna sehemu ya diski haisomeki."

"Basi mpigie Bernadeta, yuko Gairo. Au hiyo simu kiunoni ni pambo?"

"Nimpigie mtu niliyempunguza mwenyewe? Anicheke?"

Kompyuta ikatoa swali.

"Inasemaje?" Mzee akauliza.

"Inataka kuifomati ile sehemu, yaani kuiandaa upya, isomeke."

"Na vilivyomo?"

"Mzee, mambo haya tuachie sisi." Akabonyeza ndiyo.

Kweli, ikasomeka. Tupu, kama sahani iliyorambwa.

Hapo ndipo alipokumbuka kupiga simu! Bernadeta akapiga kelele hadi Mzee akamsikia: "Mfumo huo hauwezi kusoma sehemu ya mwenzake! Mngezima, mkawasha, mkachagua wa pili. Bi Mwaisha alikuwa humo humo!"

Thobias akafunga ofisi, akaenda kula.

Kesho yake Pendo alitolewa, kanga mpya, shanga shingoni. Akasimama, akangoja.

"Babu, mbona bibi haimbi?"

Mzee akawageukia wanawake. Nyimbo za mwali mwanamume hafundishwi. Wanawake wakaimba za mabibi wa watu wengine.

FUNZO

Ndugu zangu, usichoweza kukisoma usidhani ni kitupu. Kabla ya kusema ndiyo, muulize aliyekiweka, hata kama ulimfukuza wewe. Nanyi mnaogawa vyeo, mkimpa mtu ofisi, mpeni na adabu ya kuuliza. Kiburi chake hakimlizi yeye. Kinatutoa machozi sisi tuliozika.