Waliokwangua Jina Langu Ndani ya Kamera

Kamera yangu iliyoibwa na wezi... nikaiona shingoni mwa mchumba wangu!!

Mbele ya Abbé, padri wetu. Mbele ya kwaya nzima. Jumapili baada ya misa, uwanja wa parokia, Bunia, mwezi wa nane 1981.

Na baba yangu mzazi amesimama pembeni, amevaa abakosti yake ya sikukuu, anapiga makofi!

Jamani, mimi leo ni bibi wa wajukuu tisa. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kuandika humu. Lakini nikikumbuka siku ile, damu bado inachemka. Nawapa yote leo leo, sina moyo wa kukatakata habari.

Naitwa Régine. Baba yangu Gustave alikuwa fundi saa, na karibu kila saa iliyotembea Bunia ilipita mikononi mwake.

Nilipokuwa na miaka saba, springi ya saa ya ukutani ilimponyoka ikanipiga jicho la kulia. Jicho lipo, mnaliona kwenye picha yangu hapo juu. Ila linaona moshi tu.

Hakuniomba msamaha. Aliniketisha kwenye meza yake ya kazi akanifundisha ufundi.

Alinifundisha na desturi ya mafundi saa. Ukifungua saa ya mtu, kabla ya kufunga unakwangua alama yako ndani ya mfuniko kwa sindano, pamoja na tarehe. Saa ikirudi, unajua mkono wa nani uliingia mle na lini. Yeye alikwangua G ndogo sana, mpaka uwe na lenzi ya kubana jichoni ndipo uione.

Shikeni hapo. Tutarudi.

Basi wapiga picha wa mjini wakaanza kutuletea kamera. Baba hakuzitaka, nikazichukua mimi. Nilizipenda zile zisizo na kioo cha kupinduka ndani. Unachungulia kidirisha, unamwona mtu yuko wawili, unazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka wale wawili wanakuwa mmoja. Hapo unabonyeza. Picha inatoka kali!

Lakini zote zilitengenezwa kwa watu wa jicho la kulia! Kidirisha kiko kona ya kushoto. Mimi wa jicho la kushoto, pua inabanwa kwenye mgongo wa kamera kama chapati. Na ule mkono wa kuvutia filamu, kila nikiusukuma, unanichoma jicho lile lile bovu.

Siku moja uliponichoma mara ya tatu nilitukana mpaka baba akatoka nje.

Nikasema, basi! Nitatengeneza yangu!

Nilichora kwenye daftari la shule miaka mitatu. Kidirisha nikakihamishia kona ya kulia. Mkono wa filamu nikaupeleka chini, usinifikie usoni. Vile vidirisha viwili vya kupimia umbali nikavitenganisha mbali kadiri mwili wa kamera ulivyoruhusu, maana vikikaribiana vinadanganya. Pete ya lenzi nikaichonga alama za kupapasa kwa kidole, ili hata kabla sijachungulia nijue mtu yuko hatua mbili au tano. Na mlio nikaupunguza, kwa sababu nilitaka kupiga ubatizo bila mtoto kushtuka.

Miili ya kamera zilizokufa niliitafuta soko la Ariwara. Shaba nilitoa kwenye saa za mezani zilizoshindikana. Ngozi ya mbuzi niliikata mwenyewe. Kurekebisha umbali wa mwisho kabisa nililenga msalaba wa juu ya kanisa, asubuhi ishirini mfululizo, mpaka misalaba miwili ikawa mmoja bila kutetereka.

Ndani ya bamba la chini nikachonga kwa herufi kubwa: RÉGINE 1981.

Mwezi wa tano ule, Abbé Firmin alitangaza kwamba parokia inafungua atelier, karakana ya picha. Anatafuta fundi wa kuiongoza. Anayejua kazi alete kitu alichokitengeneza kwa mkono wake.

Nyie! Sikulala kwa furaha.

Julien, mchumba wangu, alikuwa mpiga picha wa sokoni. Akaniambia, "Chérie, unipe aparey niende nayo Bambu, nipige wachimba dhahabu. Picha njo zitasema kwa Abbé."

Nikampa kamera yangu. Mjinga mimi, nikampa kwa mikono miwili!

Tarehe saba mwezi wa sita akarudi shati limechanika.

"Wezi, Régine! Wamenikamata pale Iga Barrière! Wamebeba yote!"

Nililia siku nane. Na bado nilimchinjia kuku kwa sababu eti ameponea chupuchupu! Kuku wangu, jamani!

Baba akasema tu, "Wacha, mutoto yangu. Mungu hakutaka."

Sasa rudini pale uwanjani.

Abbé ameshika bega la Julien, anawaambia watu huyu ndiye fundi mpya wa atelier. Na kamera yangu inaning'inia kifuani pake.

Nilipita katikati ya kwaya kwa viwiko.

"Julien! Ile njo aparey yangu!"

"Régine, tulia. Yako waliiba kule Iga. Hii nimetengeneza miye."

"Na mikono gani? Weye hata kopo ya samaki unaita mutu akufungulie!"

Watu wakaanza kucheka. Abbé akainua mkono.

"Tulieni. Julien, tupige picha moja, tuone."

Akaiweka kwenye jicho la kulia! Pua ikabanwa. Kidole kinatafuta mkono wa filamu juu, hakuna. Anapapasa, anapapasa... jasho linamtoka.

"Juu ya nini dirisha iko huku ku kuume?" Abbé akauliza.

"Ni... ni mode ya sasa, Monsieur l'Abbé."

"Mode gani?" nikapiga kelele. "Ni juu ya jicho langu! Muangalie jicho langu!"

Abbé akaniangalia. Akamwangalia Julien. Nikaona ameingiwa na shaka. Kisha akamgeukia baba.

"Muzee Gustave, huyu ni mutoto yako, huyu ni mukwe wako. Nani alitengeneza?"

Nikashusha pumzi. Nimepona! Baba ameniona miaka mitatu nikiunguza vidole mezani kwake. Sema, Papa...

Baba akakohoa.

"Miye ni fundi ya saa. Ile aparey sijagusa hata siku moja. Lakini, Abbé... mutoto mwanamuke na mambo ya visi na bisibisi? Weye mwenyewe unaona."

"Papa?!"

Akaangalia viatu vyake.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Lakini nikajiambia baba anaogopa. Mbuzi wa mahari kutoka kwa kina Julien walikuwa wameshafungwa uani kwetu. Ni mzee, anaogopa aibu. Mwizi ni Julien peke yake.

"Abbé, tufungule chini!" nikasema. "Jina yangu iko ndani!"

Julien akatabasamu. Tabasamu lile nikilikumbuka natamani kumzaba kofi hata leo.

"Fungula tu. Hakuna mutu alishafungula hii aparey isipokuwa miye."

Nilichomoa bisibisi ndogo kwenye kitambaa changu cha kichwa, sikuwa natembea bila hiyo. Skrubu nne. Bamba likatoka. Nikaligeuza...

Hakuna jina!

Palikuwa pamepigwa tupa. Shaba inang'aa, mpya kabisa, pale pale jina langu lilipokuwa.

Kicheko kilichopigwa! Mama Alphonsine, kiongozi wa kwaya, akanishika mkono.

"Régine, mama, twende nyumba. Usijipe haya zaidi."

Nilikaribia kwenda, nawaambia ukweli. Lakini nilipolirudisha bamba, jua likapiga pembeni ya tundu la skrubu. Kuna mkwaruzo. Mdogo sana.

Nikatoa lenzi yangu ya kazi, nikaibana jichoni.

G. 14.6.81.

Nikasoma tena. G ile naijua kuliko sura yangu.

"Abbé," nikasema, "naomba saa yako."

"Saa yangu?"

"Nakuomba."

Akaivua. Nikaufungua mfuniko wa nyuma, nikampa lenzi. Ndani kulikuwa na alama tatu za miaka mbalimbali, maana saa ile ilikuwa imeletwa kwa baba mara tatu. G, na tarehe. G, na tarehe. G, na tarehe.

Kisha nikampa bamba la kamera.

Abbé akaangalia saa. Akaangalia bamba. Akarudia saa.

Akauliza polepole, "Muzee Gustave. Aparey wenye haujagusa hata siku moja... quatorze juin ulikuwa unafanya nini ndani yake?"

Baba akauangalia mkono wake wa kulia, akaugeuza, kama vile ni wa mtu mwingine.

Hakujua! Naapa hakujua! Miaka arobaini mkono ule unafungua kitu cha mtu, unafanya kazi, unakwangua alama, unafunga. Alipomaliza kulifuta jina la binti yake, mkono ukaweka sahihi wenyewe.

Tarehe kumi na nne! Wiki nzima baada ya "wezi" wa Iga! Mimi nalia chumbani, yeye yupo upande wa pili wa ukuta, anapiga tupa jina langu!

"Nilifanya juu yako!" akapasuka. "Mwanamuke ya atelier nani atamuoa? Julien akipata kazi, weye utakula! Batoto yako watakula! Miye njo nilimuambia aseme wezi!"

"Jicho yangu ilikuwa accident, Papa," nikamwambia. "Sikukuuliza kitu. Na hii? Hii nayo ni accident?"

Tulipogeuka kumtafuta Julien, alikuwa ameshafika getini, ameiacha kamera kwenye benchi.

Mchana ule ule nilifungua mbuzi wote sita nikawaswaga mwenyewe barabarani mpaka kwa kina Julien, na nguo zangu za misa. Watu walitoka nje kutazama. Watazame!

Abbé alinipa atelier, lakini si kama zawadi. Alinijaribu mwezi mzima, kamera baada ya kamera, mpaka akachoka yeye. Nilikaa pale miaka kumi na tisa.

Na baba hatukusemezana mpaka 1987. Siku moja akaja atelier, mikono ya uzee haishiki tena bisibisi, saa yake mwenyewe imefungwa kwenye leso.

"Imesimama," akasema.

Nikaitengeneza. Kabla ya kufunga nikachukua sindano, nikakwangua R na tarehe. Nikampa lenzi aangalie. Aliangalia, akanirudishia nifunge.

Msamaha hakuomba hata siku ile.

Dada zangu mnaonisoma, sikilizeni. Ukitengeneza kitu chako, usimpe mtu akupelekee kwa wakubwa. Si mchumba, si baba. Kama ni mbali, chelewa, lakini nenda nacho wewe.

Kamera ninayo hapa mezani, bado inapiga. Wajukuu wananiuliza, "Bibi, kwa nini usichonge jina lako tena?"

Sichongi. Nataka kila atakayeifungua nikishakufa apaone palipokwanguliwa, na pembeni pake asome ni nani.