Hesabu Miguu Kwanza

Betri nne za taa ya kamera, na kiberiti cha mama. Hayo ndiyo yaliyomtoa Kiroboto nyumbani jioni ile, saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa limeshazama nyuma ya msitu na mtaa umegeuka rangi ya majivu.

Kiroboto si jina alilopewa na mama yake. Kaka yake ndiye aliyembandika, kwa kuwa alikuwa mfupi, mwepesi, na akikung'ang'ania hakuachii. Kaka naye mtaani walimwita Mzee wa Mende, ingawa hakuwa mzee, na mende aliwapiga picha kwa nadra. Yeye alipenda buibui, sisimizi, panzi, mbawakawa; viumbe ambao watu wengine huwatafutia kandambili.

Kaka alipiga picha, Kiroboto akakaa kwenye kompyuta kuziunganisha. Maana picha ya mdudu si picha moja. Ukimsogelea karibu kiasi kile, lenzi inaona kipande chembamba tu: ukiyapata macho, umeikosa miguu. Basi unaiweka kamera kwenye stendi, unapiga arobaini, hamsini, kila moja ikisogea mbele unywele mmoja, halafu kompyuta inachukua palipo wazi katika kila picha na kupashona pamoja. Hutakiwi kutikisika. Kaka alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini ili mwili utulie. Moja... mbili... tatu...

Ukinisikia nasema "alikuwa", usidhani amekufa. Alikuwa nyumbani, sebuleni, amekaa kwenye kiti chake.

Wiki tatu nyuma aliingia msituni peke yake, akapotea usiku mzima. Asubuhi mwongoza njia mmoja, anaitwa Kinyonga kwa mwendo wake wa kupima kila hatua, akamtoa amemshika mkono kama anamtoa kipofu. Kamera haikuonekana. Ila mtu alirudi, na tangu arudi alikuwa hajambo.

Hapo ndipo palipomkera Kiroboto. Alikuwa hajambo kupita kiasi. Kaka aliyezoea kuacha vikombe kila mahali na kubishana na mama hata juu ya hali ya hewa, sasa anaosha vyombo na kuitikia kila neno. Akicheka, anacheka wenzake wakishaanza. Anashika kijiko kwa mkono wa kushoto. Mama alisema wa kulia uliteguka huko msituni, na kutumia kushoto si dhambi. Kamera hataki hata kuisikia. Wala hakumwita tena Kiroboto. Alimwita "mdogo wangu", polepole, kama mtu anayesoma karatasi.

"Mshukuru Mungu kwa kilichorudi," mama alimwambia. Mama alikuwa na furaha, na furaha ya mama ilimfunga Kiroboto mdomo. Jana tu kaka alimchukua mama wakatembee mpaka kwenye miti, yeye ambaye magoti yake hulalamikia ngazi moja ya dukani. Walirudi jioni. Mama alikuwa akiimba kwa kuguna, na jani bichi limenasa kwenye nywele zake.

Kama kulikuwa na mtu wa kushukiwa, Kiroboto alimshuku Kinyonga. Majirani walinong'ona kwamba mtu yule anaelewana na vya msituni kuliko watu, na lisemwalo lipo. Wiki tatu hajaja hata kumjulia hali mgonjwa.

Na sasa alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa duka.

"Binti," alinong'ona.

Kiroboto alizikaza betri mkononi. "Mzee. Umetupotea."

Kinyonga alimnyooshea kifurushi kidogo cha nailoni kwa mikono yote miwili. Ndani kulikuwa na kadi ya kamera.

"Nimeiokota leo asubuhi. Kamera yenyewe imeoza kwa mvua."

"Wiki tatu, mzee. Siku zote hizo hukwenda kutazama?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Kinyonga alitazama juu ya bega lake, kule nyumba yao ilikokuwa, ya mwisho kabisa mtaani, mbele ya uwanja na msitu. "Nilimkuta mtu amekaa chini ya mti. Nikamshika mkono, nikamtoa. Tulipofika kwenye mwanga ndipo nikaanza kujiuliza nimemtoa nani."

Kiroboto alitaka kumtukana. Hakuweza, kwa sababu swali lile alikuwa nalo mwenyewe, analala nalo na kuamka nalo.

"Picha zilizomo usiziunganishe," Kinyonga alisema. "Zitazame mojamoja. Na asikuone. Mimi nitakusubiri mtaa unapoishia."

*

Sebuleni hapakuwa na taa. Kaka alikuwa amekaa vilevile alivyomwacha.

"Umechelewa, mdogo wangu."

"Foleni dukani," Kiroboto alisema, ingawa dukani alikuwa peke yake. Alimpa mama kiberiti kwenye mlango wa jikoni, akaingia chumba cha kazi, akarudishia mlango.

Kadi ilikuwa na picha arobaini na nane. Zote za buibui mmoja, juu ya jani moja.

Alimjua mara moja. Ni yule buibui anayejifanya sisimizi. Ana kiuno chembamba kama sisimizi, anatembea kwa mashaka kama sisimizi, na miguu yake miwili ya mbele anaiinua hewani ionekane kama vipapasio vya kichwani. Anaishi katikati yao, wanampisha njia, naye anawala mmojammoja kwa nafasi. Kaka alimfundisha kumtambua siku ya kwanza kabisa ya kazi. "Hesabu miguu kwanza, Kiroboto. Sura inaigizwa. Mwigaji huwa ana kitu kimoja kimemshinda."

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuunganisha. Ndiyo ilikuwa desturi yao: unganisha, hifadhi moja iliyo safi, futa nyingine zote. Kompyuta huchagua palipotulia na kutupa chochote kilichosogea. Miaka sita walikuwa wakifuta picha mojamoja bila kuzitazama.

Akakiacha. Akafungua ya kwanza.

Buibui yule ana macho mawili makubwa mbele, na jicho la mdudu ni kioo. Ukilikuza, unaona kile alichokuwa anakiona. Kiroboto alilikuza. Kulikuwa na karatasi nyeupe ya kupoza mwanga, na nyuma yake kivuli cha kaka, ameinua karatasi kwa mkono wake wa kulia. Nyuma ya kaka, miti.

Picha ya kumi. Vilevile.

Picha ya kumi na tisa. Mti mmoja ulikuwa umesogea.

Akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Umesogea.

Picha ya ishirini na saba, mti ule ulikuwa na mabega.

Ya thelathini na tatu, uliinua mkono, kama kaka alivyoinua. Ila kaka aliinua wa kulia, nao ukainua wa kushoto, kama mtu anayejifunza mbele ya kioo.

Ya arobaini, ulikuwa na shati. Mistari ileile. Kichwa kimeinama upande, kama cha kaka anapohesabu, lakini upande wa pili.

Ya arobaini na nane, kwenye jicho la buibui alibaki mtu mmoja tu. Amesimama wima. Mikono inaning'inia. Hana karatasi.

Basi nani alibonyeza kitufe?

Harufu ya majani mabichi ilimfikia kabla ya sauti.

"Unatazama nini?"

Kiroboto alizima kioo cha kompyuta. Mlango ulikuwa wazi na kaka amesimama hapo. Hakusikia hatua hata moja.

"Picha za zamani."

"Nilidhani tumeacha," akasema kaka.

Alitamani kukimbia, na alitamani zaidi kujua. Ukutani, juu ya meza, kulikuwa na picha kubwa ya jicho la kulia la kaka. Aliipiga yeye Kiroboto alipokuwa anajifunza. Kaka alimwambia jicho la mtu ni mtihani kuliko mdudu yeyote. Chini ya mboni lilionekana doa la kahawia, dogo kuliko mbegu ya mchicha. Bila lenzi ile hakuna binadamu ambaye angeliona. Na katikati ya mboni alikuwamo yeye mwenyewe, mdogo, na kamera yake, na dirisha la chumba hikihiki.

"Kaka, kaa hapo nikupige jicho. Nataka kuijaribu lenzi, nahisi ina ukungu."

Kaka alitazama picha ya ukutani. Aliitazama muda mrefu.

"Mpe tu, mwanangu," sauti ya mama ikaja kutoka jikoni. "Jicho si mkate, haliliki."

Akakaa.

Kiroboto alichukua kamera yake ya kujifunzia, akatia betri mpya kwenye taa. Alisogeza lenzi mpaka ikakaribia kope, akaanza kuhesabu moyoni, akabonyeza. Mwanga ukapiga.

Kaka hakupepesa.

Jicho la kulia lilikuwa safi. Doa hakuna.

"Labda ni lile lingine," kaka alisema, na kabla hajaombwa akageuza uso.

Mwanga ukapiga tena. Doa lilikuwa pale, chini ya mboni. Kwenye jicho la kushoto. Na ndani ya mboni, pale ambapo Kiroboto alipaswa kuwapo na kamera yake na dirisha, kulikuwa na miti. Miti mirefu, myeusi, iliyosongamana. Chini yake, mdogo kama chawa, mtu ameinua karatasi nyeupe.

Kwa mkono wa kulia.

"Imetoka vizuri?" aliuliza aliyekaa kwenye kiti.

"Imetoka," Kiroboto alisema, akalazimisha kicheko.

Baadaye kidogo naye akacheka.

*

Hakukimbia. Alitembea mpaka jikoni, na wazo lake lilikuwa moja tu: kumtoa mama. Kaka atatafutwa baadaye, na Kinyonga, na polisi, na yeyote. Mama kwanza.

Mama alikuwa amempa mgongo, anakoroga sufuria.

"Mama, weka chini hiyo. Twende dukani mara moja. Sasa hivi."

"Giza hili lote, mwanangu?"

Kiroboto alinyoosha mkono amshike. Mkono ukabaki hewani.

Mama alikuwa anakoroga kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia, uliompakata, uliomsuka nywele, uliomchapa alipostahili, ulikuwa unaning'inia tu ubavuni kama nguo kwenye kamba.

"Kesho twende wote watatu," mama alisema bila kugeuka. "Kaka yako ana kitu anataka kukuonyesha."

Alilia bila sauti, palepale, nyuma ya mgongo ule aliokuwa akiujua maisha yake yote. Halafu akasema amesahau kitu dukani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kinyonga alikuwapo, mtaa unapoishia. Kwenye giza alionekana umbo tu, na koti.

"Mama je?" aliuliza.

Kiroboto aliinua vidole viwili.

Kinyonga aliinamisha kichwa. "Basi wako wawili wanaotusubiri kule. Twende, kabla hawajazoea kukaa."

Walikata uwanja, Kinyonga mbele, hatua zake za kupima. Nyasi zilikuwa na umande. Walipofika katikati Kiroboto aliisikia, nyembamba, inatoka kwenye miti.

"...thelathini na tisa... arobaini..."

Sauti ya kaka. Kaka yake wa kweli, yule mbishi wa vikombe. Na nyuma yake sauti ya pili, ya mama, ikifuatisha kama mtoto anayefundishwa.

"...arobaini..."

"Kaka," Kiroboto alinong'ona.

"Usitikisike, Kiroboto. ...arobaini na moja..."

Alikuwa hajaitwa jina hilo kwa wiki tatu.

Nyuma yao mlango wa nyumba ulifunguka. Mwanga wa jikoni ulimwagika uwanjani, na ndani yake vivuli viwili vimesimama bega kwa bega. "Mwanangu, chakula kinapoa," ikaita sauti ya kwanza. "Chakula kinapoa," ikaita ya pili.

Kinyonga hakugeuka kutazama. "Fanya haraka, binti."

Kiroboto akapiga hatua, ya pili, ya tatu. Kisha akasimama. Kaka hakumfundisha kukimbilia sauti.

Alikumbuka kadi ile ya kamera, ilivyoletwa kwa mikono miwili. Alidhani ni adabu. Alikumbuka kwamba miaka yote aliyomjua mwongoza njia huyu, na asubuhi ile aliyomshika kaka mkono, hakuwahi kuangalia anatumia mkono gani.

"Mzee," aliita. "Hebu nionyeshe mikono yako."

Kinyonga akasimama. Mikono yake yote miwili ilikuwa imezama kwenye mifuko ya koti.

Kule kwenye miti, hesabu ilifika arobaini na nane, ikanyamaza.