Ndoo Iliyong'aa Kupita Kiasi

Kila akirudi kutoka shuleni, Bezawit hubwaga mkoba, hunawa mikono, kisha huanza kukagua nyumba. Majirani zake pale mjini Dessie, Ethiopia, walimbandika jina la Afisa Afya, maana hata kuku wa watu aliwafokea kwa uchafu.

Siku hiyo mwalimu alikuwa amefundisha usafi wa vyombo. Mama alikuwa ameenda mashineni kusaga tefi, ile nafaka ndogo ya mkate wa injera, kwa kuwa kaka yake Bezawit, Habtamu, alikuwa anarudi Jumamosi kutoka kazini Djibouti. Kwenye simu alikuwa amesema neno moja tu: "Mama, nina hamu na injera yako!"

Bezawit akaingia jikoni, akaiona ndoo ya kukorogea unga pembeni. Chini palikuwa na ujiuji, juu yake maji ya njano, na harufu ya uchachu ikampiga puani.

"Aka! Mama naye kwa kusahau!" akasema. Akamwaga vyote, akasugua ndoo kwa sabuni hadi ikang'aa.

Mara akasikia sauti ya Mama uani. "Beza! Ile ndoo usiiguse! Nimebakiza chachu humo. Bila chachu, injera haioti macho, na Jumamosi ndiyo hiyo."

Mama alipokuwa bado ananawa uso, Bezawit akatia maji ndooni, unga kidogo, manjano ili yapate rangi, na ndimu ili yawe machachu. Akafunika, akasimama kando kama hayumo.

Mama akaingia jikoni, akafunua kifuniko, akaunyanyua mfuko wa tefi ili aumimine. Bezawit akamwona kaka yake mawazoni, amekaa mezani na injera bapa isiyo na hata tundu moja. Hakuweza kuvumilia.

"Mama, usimimine!" Akaudaka mkono wake. "Chachu nimeimwaga mimi. Nilidhani uchafu. Hiyo ni manjano na ndimu."

Mama akainama, akanusa. Akamtazama binti yake, akanusa tena, kisha akaangua kicheko hadi akaketi kigodani.

"Kicheko nimecheka," akasema akijifuta machozi, "lakini kaka yako atakula nini? Shika bakuli, nenda kwa Emama Askale ukaombe chachu. Na umweleze mwenyewe ulichofanya."

Njia ya kwa bibi yule jirani ilikuwa fupi, lakini siku hiyo Bezawit aliiona ndefu. Alieleza yote huku ameinamisha kichwa.

"Yarabi! Afisa Afya kasafisha chachu kwa sabuni!" Emama Askale akacheka. Akateka maji ya njano kutoka kwenye ndoo yake. "Unajua haya yametoka wapi? Nilipohamia hapa sina mbele wala nyuma, mama yako ndiye aliyeniletea bakuli la chachu. Nimeiendeleza mpaka leo. Chukua, mjukuu wangu. Ni yenu hii."

Bezawit alirudi akilibeba bakuli kwa mikono miwili, akicheka peke yake njiani.

Jumamosi injera zilitoka kikaangoni laini, zimejaa macho tele. Habtamu alikula hadi akalegeza mkanda. "Nasikia nilikuwa nilishwe manjano na ndimu! Si ungeongeza pilipili, Beza, iwe achari kabisa?"

Wote wakacheka, na Bezawit zaidi yao.

"Usafi usiuache, mwanangu," Mama akamwambia. "Mikono ioshwe, ndoo ifunikwe. Lakini chachu si uchafu. Ndiyo inayoumua unga, na tumbo likakipokea chakula vizuri. Ukiona kitu usichokijua, uliza kwanza. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema kabla sijamimina tefi. Ungenyamaza, leo tungekuwa tunakula nini?"

Baada ya chakula Habtamu akajitolea kuosha vyombo. Akaosha sahani, akaosha sufuria, kisha akainyanyua ndoo ya pembeni.

"Na hii je, niisugue?"

"Usiiguse!" Bezawit akapiga kelele hadi kuku wa jirani wakatawanyika.